Kodi tarehe 5, mshahara tarehe 10: maswali ya wapangaji yasiyoisha

Kitabu cha chama chetu cha wapangaji nimekishika kwa miaka sita, katika ploti moja ya Eastlands, Nairobi. Kila mwezi, kati ya tarehe 3 na 12, simu yangu hulia kwa maswali yale yale, na mengi huulizwa kwa sauti ya chini kana kwamba mtu anakiri kosa. Kulipwa baada ya siku ya kodi si kosa. Mimi mwenyewe nililipwa tarehe 10 kwa miaka minne huku kodi ikidaiwa tarehe 5.

Hesabu zote hapa zinatumia mfano mmoja: nyumba ya shilingi 12,000 kwa mwezi, mwisho wa kulipa tarehe 5, na mshahara unaoingia tarehe 10. Badilisha tarakimu, njia ni ile ile. Sheria zinazotajwa ni za Kenya. Aliye Tanzania aanze na swali la 22.

## Kuelewa pengo lenyewe

1. Kwa nini kodi hudaiwa tarehe 5 na si siku ninayolipwa?

Kwa sababu waajiri wengi hulipa kati ya tarehe 25 na mwisho wa mwezi, na wenye nyumba wakapanga tarehe yao hapo karibu ili wapate pesa kabla hazijaingia sokoni. Anayelipwa tarehe 7, 10 au 15 hakuwemo kwenye hesabu hiyo.

Mwenye nyumba naye ana tarehe zake. Wengi wamejenga kwa mkopo wa benki unaokatwa siku maalumu. Mlinzi na mfagiaji wanasubiri kulipwa. Ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi anayopokea, hulipwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kuyajua haya kutakusaidia ukifika kwenye mazungumzo (swali la 5).

2. Kama nalipa yote kila tarehe 10, kuna ubaya gani?

Kwa mwenye nyumba mwelewa, hakuna. Ubaya huja siku mambo yanapobadilika: ajenti mpya, nyumba kuuzwa, mwenye nyumba kufariki na watoto kuchukua usukani. Anayefungua kitabu haoni mpangaji mwaminifu wa tarehe 10. Anaona mtu aliyechelewa mara 24 katika miaka miwili. Kama hamkuwa mmeandikiana chochote, huna cha kumwonyesha.

3. Nawezaje kuondokana na jambo hili kabisa, badala ya kulihangaikia kila mwezi?

Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, na ndilo linaloulizwa mara chache zaidi.

Tazama unachofanya sasa. Mshahara wa tarehe 10 Machi unalipa kodi ya Machi, iliyokuwa imeshachelewa siku tano. Wa tarehe 10 Aprili unalipa ya Aprili, nayo imechelewa. Unakimbia nyuma ya gari ambalo halikuachi wala hulishiki. Lakini ukitazama vizuri, mshahara wako haujapungua hata shilingi. Umechelewa siku tano tu, na umechelewa siku hizo hizo tano tangu mwezi wa kwanza.

Dawa ni kuuhamisha mshahara mwezi mmoja mbele. Pesa za tarehe 10 Machi ziwe kodi ya Aprili. Za tarehe 10 Aprili ziwe kodi ya Mei. Ukishafika hapo, wewe si mchelewaji tena. Unalipa kama siku 25 kabla ya wakati, kwa mshahara ule ule na tarehe ile ile.

Gharama ya kuhama ni kodi moja ya ziada, mara moja tu. Upo mwezi mmoja ambao lazima ulipe 24,000 badala ya 12,000, na baada ya hapo unarudi kwenye 12,000 za kawaida. Kodi hiyo ya ziada haipotei. Inakaa mbele yako kila mwezi mpaka siku utakapohama, na mwezi wako wa mwisho katika nyumba hiyo utakuwa umeshalipwa.

Jambo la kuzingatia: pesa za Aprili ukizishika mkononi kuanzia tarehe 10 Machi, utazila. Nasema hivi kwa kuwa nilizila mara mbili. Zilipe siku hiyo hiyo, na risiti au meseji iseme wazi kuwa ni za Aprili. Bila jina la mwezi, keateka, yaani msimamizi wa ploti, ataziandika Machi na utarudi pale pale.

4. Kodi moja ya ziada nitaitoa wapi, wakati hata hii ya kawaida inanishinda?

Mara nyingi polepole. Shilingi 1,200 kila mshahara kwa miezi kumi ni 12,000 kamili. Hizo 1,200 ziondoe asubuhi mshahara unapoingia, maana zikisubiri jioni hazitakuwapo. Ziweke pahali pasipofikika kwa kubonyeza mara mbili: hisa za chama cha akiba, akaunti ya Sacco, au akiba ya kufungwa ya M-Shwari.

Wengine hupata nafasi ya kuruka mara moja. Zamu ya chama ikifika, ipe kazi hii kabla ya kochi jipya. Malipo ya likizo, bonasi, mauzo ya mahindi kutoka shambani, yote yanafaa. Ipo pia njia ya kukopa mara moja tu kwa riba ndogo, nimeipigia hesabu kwenye swali la 11.

Unapopanga, tumia mshahara unaofika mkononi. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, bima ya afya ya SHA ya asilimia 2.75, akiba ya uzeeni ya NSSF na ushuru wa mapato wa PAYE vimeshakula kabla hujaona meseji ya benki. Nimeona watu wakipanga kwa tarakimu iliyo kwenye barua ya ajira, kisha wakashangaa mpango kuvunjika mwezi wa pili.

## Kuzungumza na mwenye nyumba

5. Naweza kuomba tarehe yangu ya kulipa ibadilishwe? Nianzeje?

Unaweza, na wengi hukubaliwa kuliko wanavyodhani. Siri iko kwenye siku unayopeleka ombi. Ukilipeleka tarehe 6, ombi lako linasikika kama kisingizio. Ukilipeleka tarehe 15, kodi ya mwezi huu ikiwa imeshalipwa, unasikika kama mtu mwenye mpango.

Peleka kitu cha kushikika: hati ya mshahara au taarifa ya benki ya miezi mitatu inayoonyesha pesa huingia tarehe 10. Funika tarakimu za mshahara ukitaka. Kinachotakiwa ni tarehe. Kisha andika ujumbe mfupi usio na maombolezo:

"Habari yako mzee. Ni mimi wa nyumba B7. Kodi ya mwezi huu nimeshalipa. Mwajiri wangu hulipa tarehe 10 kila mwezi, nimekutumia taarifa ya benki uone. Naomba kodi yangu iwe inalipwa kufikia tarehe 11 kuanzia mwezi ujao, bila faini. Ukikubali, naomba unijibu kwa meseji ili tuwe na kumbukumbu sote. Asante sana."

Umeomba tarehe 11, si 10. Benki husumbua, Jumapili huingia katikati. Tarehe utakayoitimiza kila mwezi inakupa heshima kuliko tarehe nzuri utakayoivunja mara mbili.

6. Niongee na keateka, ajenti au mwenye nyumba mwenyewe?

Na yule mwenye mamlaka ya kubadilisha mkataba. Keateka ni mtu muhimu, tena ukimheshimu atakusemea, lakini mara nyingi hana uwezo wa kuahirisha kodi. Akikwambia "usijali, nitamwambia mzee," mshukuru, kisha mwandikie mzee mwenyewe. Nyumba ikiwa chini ya ajenti, andikia ofisi ya ajenti. Kumruka na kwenda kwa mwenye nyumba huleta uhasama usio wa lazima.

7. Amekubali, ila kwa mdomo tu. Inatosha?

Inatosha mpaka siku mtakapokosana. Mtumie ujumbe siku hiyo hiyo: "Asante mzee kwa kukubali leo kwamba nitakuwa nalipa kufikia tarehe 11." Hata akijibu "sawa" tu, umeshapata maandishi. Mkataba ukija kuandikwa upya, tarehe mpya iingie humo.

8. Natozwa faini ya kuchelewa. Ni halali?

Soma mkataba wako kwanza. Faini iliyoandikwa ukaitia sahihi ni makubaliano yako, na ni vigumu kuikwepa. Isiyoandikwa popote, inayotangazwa kwa karatasi iliyobandikwa langoni, hukuikubali. Una haki ya kuuliza imetoka wapi.

Faini hata ndogo ihesabu kwa mwaka. Asilimia 10 ya 12,000 ni 1,200 kwa mwezi. Ni ile ile 1,200 ya swali la 4. Yaani anayelipa faini miezi kumi amempa mwenye nyumba kodi nzima ambayo ingemtoa kwenye shimo.

9. Nina nusu. Nilipe nusu tarehe 5 au nisubiri nilipe yote tarehe 10?

Lipa nusu, ila baada ya kumwambia unayemlipa na kumpa siku ya salio. Pesa iliyofika huonyesha nia, na deni la 6,000 huongelewa kwa upole kuliko la 12,000. Usifanye hivyo kama mkataba unatoza faini ile ile hata salio likiwa shilingi mia; hapo nusu yako haikupunguzii kitu, na heri ukae na pesa ya chakula hadi tarehe 10.

Ukituma kwa Paybill, andika nambari ya nyumba bila kukosea kwenye sehemu ya akaunti. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi, hakikisha jina linalotokea ni la aliyetajwa kwenye mkataba, na usifute meseji. Ikishafutika, taarifa ya M-Pesa huombwa kwa *334#.

## Kukopa ili kuziba siku tano

10. Si ni rahisi tu kutumia Fuliza (ile ya kutumia M-Pesa kupita salio) au mkopo wa simu, nirudishe tarehe 10?

Mara moja, kwa dharura, sikukatazi. Kila mwezi, nakusihi usifanye.

Chukua mkopo wa simu wa siku 30 wenye ada ya asilimia 9. Kwa 12,000 ada ni 1,080. Ukirudisha baada ya siku tano, mikopo mingi ya aina hii haikupunguzii: ada ni ile ile. Fanya hivyo miezi 12 na utakuwa umelipa 12,960. Hiyo ni kodi ya miezi 13 kwa mwaka wenye miezi 12, na mwaka ukiisha pengo la siku tano bado lipo pale pale.

Fuliza, iliyoanza 2019, ni tofauti kidogo: inatoza kwa siku, hivyo siku tano ni nafuu kuliko thelathini. Lakini ina tabia moja ambayo watu huisahau. Pesa yoyote inayoingia M-Pesa yako inakatwa deni kwanza. Shangazi akikutumia tarehe 7 pesa za dawa za mama, zinamezwa kabla hujazigusa. Nimeona hilo likimtokea jirani yangu, na haikuwa siku nzuri.

Kuhusu programu nyingine za mikopo: kopa kwa zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za 2022 zinakataza mkopeshaji wa kidijitali kukutisha au kuwapigia simu watu walio kwenye orodha yako ya simu. Anayekuomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simuni kabla ya kukupa shilingi 3,000, muache.

11. Na mkopo wa Sacco?

Huu ndio mkopo ninaoweza kuutetea, kwa sharti moja: uuchukue mara moja ili uhame mwezi (swali la 3), si kila mwezi ili uzibe.

Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Ukikopa 12,000 na kurudisha 2,000 kwa mwezi kwa miezi sita, riba ni 120 mwezi wa kwanza, kisha 100, 80, 60, 40 na 20. Jumla 420. Linganisha na 12,960 za swali la 10.

Uliza kama ni mkopo wa kawaida au wa haraka, kwa kuwa wa haraka mara nyingi una riba ya juu zaidi. Na ujiulize kwa ukweli: je, hizo 2,000 kwa miezi sita zipo? Kama hazipo, rudi kwenye 1,200 za polepole.

12. Kazini wanatoa advansi. Niombe?

Advansi kwa kawaida haina riba, na kwa hilo inaishinda mikopo ya simu. Tatizo ni kwamba inakula mshahara ujao, kwa hiyo mwezi ujao utaihitaji tena. Itumie kama mkopo wa Sacco, mara moja, na uombe ikatwe kwa awamu tatu au nne. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kama tayari una makato mengi, ofisi inaweza kukataa kwa sababu hiyo.

13. Nimwambie mwenye nyumba akate kutoka kwenye dipoziti?

Dipoziti ni amana ya uharibifu na madeni ya siku ya kuhama, na mikataba mingi inasema hivyo. Akikubali, utatakiwa kuirudisha, kwa hiyo ni mkopo mwingine. Afadhali uombe siku tano.

## Mambo yakienda mrama

14. Ni tarehe 8 na nimekuta kufuli la mwenye nyumba mlangoni. Ana haki?

Hana. Kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya mahakama au ya baraza husika. Kuweka kufuli, kung'oa mlango, kutoa mabati, kukata maji au stima ili kukulazimisha kulipa si njia ya kisheria ya kudai kodi, hata kama deni ni la kweli.

Usivunje kufuli kwa hasira. Piga picha yenye tarehe, tafuta shahidi, mpigie mwenye nyumba ukiwa mtulivu na umtajie siku ya mshahara. Asipofungua, nenda kwa chifu au kituo cha polisi, uandikishe kwenye kitabu cha matukio (OB) na uondoke na nambari yake. Ninavyoona ploti nyingi, kufuli hufunguka pale chifu anapopiga simu.

Baraza linaloshughulikia kodi za makazi lipo chini ya Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, lakini sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani na kikaachwa nyuma na maisha. Mgogoro wa nyumba ya 12,000 huelekea mahakamani.

15. Anatishia kuleta dalali wa mnada achukue runinga. Anaweza?

Hili, tofauti na kufuli, lipo kisheria. Sura ya 293 inaruhusu mali ya mpangaji kukamatwa kwa kodi isiyolipwa, ila lazima kwa mkono wa dalali aliyepewa leseni. Dalali wa kweli anakuja na maagizo ya maandishi, anaorodhesha vitu, anakuachia nakala na kukupa siku za kulipa kabla ya kuuza. Vijana watatu wanaobeba runinga bila karatasi si dalali. Ukiona hivyo, rudi kwenye hatua za swali la 14.

16. Nimepewa notisi ya kuhama kwa sababu ya kuchelewa. Nina muda gani?

Mkataba ndio unaoanza kusema. Pasipo mkataba wa maandishi, ukiwa unalipa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, yaani mwezi mmoja. Ipokee, andika tarehe uliyoipokea, na utumie siku hizo kuzungumza. Notisi nyingi za kuchelewa hufutwa mpangaji akija na mpango wa maandishi na kodi ya mwezi mkononi.

17. Tayari nadaiwa miezi miwili. Mbinu hizi zitanisaidia?

Nitakuwa mkweli kwako: hapana, si zenyewe. Mtu anayechelewa siku tano ana tatizo la tarehe. Mwenye deni la miezi miwili ana tatizo la kipato, na kusogeza siku hakutalimaliza. Andikiana na mwenye nyumba kwamba kodi ya mwezi unaokuja italipwa kamili, na deni litapunguzwa kwa kiasi kidogo maalumu. Kisha pima kama nyumba hiyo bado ni ya mshahara wako. Kuhamia bedsita kwa hiari yako, mchana, na vitu vyako vyote, hakuna aibu.

## Hali zisizo za kawaida

18. Kwa nini Januari hunishika kila mwaka, hata mwaka mzima nikiwa nimelipa vizuri?

Kwa sababu Januari huanzia Desemba. Waajiri wengi huwahisha mshahara wa Desemba ili watu wasafiri Krismasi. Ukilipwa tarehe 20 Desemba na mshahara unaofuata ukaja tarehe 31 Januari, ni siku 42 kwa mshahara mmoja, ndani yake mna nauli ya ushago iliyopanda, sikukuu, karo na sare za shule. Ndiyo Njaanuari yenyewe.

Kwa tunaolipwa tarehe 10 hali ni kali zaidi, na wengi hawaioni mpaka iwapige. Desemba unalipwa mara mbili: tarehe 10 mshahara wa Novemba, na tarehe 20 ule wa Desemba ambao kwa kawaida ungekuja tarehe 10 Januari. Moyo unasema umepata ziada. Hujapata. Mshahara unaofuata ni wa tarehe 10 Februari, siku 52 mbele, na katikati mna tarehe 5 mbili: ya Januari na ya Februari.

Ninachofanya sasa: tarehe 10 Desemba nalipa kodi ya Januari, na siku mshahara wa pili unapoingia nalipa ya Februari, kabla sijakata tiketi ya basi. Mwaka wa kwanza ilibidi nisafiri na zawadi ndogo sana. Watoto walinisamehe. Januari ile nililala.

19. Mshahara wangu hauna tarehe. Nafanya kazi kaunti, na mwezi mwingine huchelewa wiki tatu.

Hapa usiombe tarehe mpya, kwa sababu huna ya kuahidi. Omba uelewano: "Kodi italipwa ndani ya siku mbili baada ya mshahara kuingia, nami nitakuarifu kila tarehe 4 hali ilivyo." Ujumbe wa tarehe 4 ndio nguzo. Kaunti hutegemea pesa za Hazina Kuu, na zikikwama gazeti huandika; mtumie mwenye nyumba habari hiyo.

Akiba yako iwe kodi mbili badala ya moja. Najua ni nyingi. Lakini wiki tatu haziwezi kuzibwa na kodi moja zikirudiwa mara mbili kwa mwaka.

20. Naanza kazi mpya katikati ya mwezi. Kodi ya kwanza itatoka wapi?

Kabla ya kuacha kazi ya zamani, uliza mambo mawili: tarehe ya malipo, na siku ya mwisho ya kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Aliyeanza tarehe 20 huenda akaambiwa orodha ilifungwa tarehe 15, akasubiri hadi mwezi ujao. Mwambie mwenye nyumba mapema na umwonyeshe barua ya ajira. Barua hiyo ina nguvu kuliko maneno mengi.

Ndio wakati pia wa kumwomba mwajiri, kabla hujatia sahihi, kama unaweza kulipwa mwisho wa mwezi. Sheria ya Ajira huhesabu mshahara wa mwajiriwa wa kudumu kuwa umeiva mwisho wa mwezi, hivyo ombi lako lina msingi.

21. Mimi nauza mboga, sina mshahara. Yananihusu?

Yanakuhusu kwa njia nyingine, na kwa kweli una nafuu. Pesa yako huja kila siku. Gawanya 12,000 kwa siku 25 za kazi: ni 480 kwa siku, nazo ziondoke kabla ya kununua mzigo wa kesho. Wengi ninaowajua huwalipa wenye nyumba kila Jumamosi, 3,000 kwa wiki nne, na wenye nyumba wamezoea kiasi kwamba hawaulizi tena. Chama cha mzunguko cha kila siku kinafaa, mradi zamu yako iangukie kabla ya tarehe 5.

22. Niko Dar es Salaam na nalipa miezi sita kwa mpigo. Pengo la siku tano lina maana gani kwangu?

Kwenu tatizo hilo hilo huja mara mbili kwa mwaka, likiwa kubwa mara sita. Nyumba ya 150,000 kwa mwezi inadai 900,000 siku moja. Kati ya malipo na malipo unapata mishahara sita, lakini wa kwanza huwa umeshachoka kwa kuziba mashimo yaliyoachwa na malipo yaliyopita. Panga kwa mitano: 180,000 kila mwezi. Na mwezi mmoja kabla mkataba haujaisha, ongea na mwenye nyumba kuhusu siku utakayolipa, kabla dalali hajaanza kuleta watu kutazama vyumba.

23. Kodi yetu hutumwa na dada aliye Saudia, na hufika siku tofauti kila mwezi.

Saudia hupumzika Ijumaa na Jumamosi, benki za huku hufunga Jumapili. Pesa iliyotumwa kwa benki Alhamisi jioni inaweza kukufikia Jumatatu bila mtu yeyote kufanya kosa. Mwombeni dada atume mapema katika wiki, na atume ya mwezi ujao kama swali la 3 linavyoeleza. Wa hapa nyumbani ndiye wa kuongea na mwenye nyumba. Msimwachie dada mazungumzo ya kodi usiku wa manane baada ya zamu yake.

24. Tunaishi wawili. Mwenzangu hulipwa tarehe 28, mimi tarehe 10. Nani alipe nini?

Wa tarehe 28 alipe kodi yote, wa tarehe 10 alipe chakula, stima na maji mpaka hesabu ilingane. Hapo pengo limekufa bila mkopo wala ombi. Andikeni hesabu hiyo hata kama ni marafiki wa damu, na jina la kila mmoja liwe kwenye mkataba, kwa sababu mwenye nyumba atamdai yule aliyeandikwa.

25. Natafuta nyumba mpya. Niulize nini ili nisirudi kwenye shida hii?

Uliza tarehe ya kodi kabla ya kuuliza rangi ya ukuta. Kabla hujatoa dipoziti una nguvu ambayo hutakuwa nayo tena, kwa hiyo hapo ndipo pa kusema: "Nalipwa tarehe 10, naomba mkataba uandikwe tarehe 12." Ukiingia katikati ya mwezi, omba ulipe siku zilizobaki tu, kisha uanze mwezi mpya kwa tarehe mliyokubaliana. Uliza pia faini ni kiasi gani na inaanza siku ya ngapi, na risiti hutolewa vipi. Anayekataa kuandika jibu lolote kati ya haya, endelea kutafuta. Nyumba zipo.